Kisu cha Nyumba Nzima

Katika nyumba yetu ya Ihumwa hakuna kisu kilichowahi kufa kwa kukata nyama. Kimoja kilifia kwenye kopo la rangi: shemeji yangu alikichomeka chini ya mfuniko akakanyaga mpini kwa kisigino. Kingine kilizikwa bustanini na mtoto aliyekuwa anafukua kichuguu cha mchwa, na mpaka leo hajakumbuka ni kichuguu kipi. Kingine tulimpa fundi umeme achubulie waya, akachubua, akaaga vizuri, akaondoka nacho. Kwa hiyo mtu akiniuliza kisu gani ni imara, namuuliza kwanza anaishi na nani.

Mimi naishi na watu wengi na nyumba ambayo haijaisha. Mume wangu ni mtumishi wa wizara moja pale Mji wa Serikali, Mtumba, na tulikuja na lile wimbi lililoanza 2016, serikali ilipoamua kutekeleza kweli uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma. Tukanunua kiwanja Ihumwa, kikiwa kimezungukwa na migunga na minyaa. Sasa tuna treni ya umeme, tuna malori ya barabara ya mzunguko, na vumbi tulilolikuta bado lipo, limeongezeka tu. Nyumba isiyoisha ina kazi nyingi zinazodai vifaa ambavyo havipo: patasi, bisibisi, mkasi wa bati. Kifaa kikikosekana, mtu anaingia jikoni.

Tulipooana tulizawadiwa seti ya visu, imesimama kwenye kigogo chake cha mbao, inang'aa mpaka unajiona meno. Wageni waliisifia. Haikupata shida yoyote kwa sababu haikupata kazi yoyote, mpaka siku ya boga. Lilikuwa boga la shambani, lenye ganda la kugoma. Nikalishika, nikasukuma kile kisu kikubwa kuliko vyote, kikazama vizuri hadi katikati. Nilipovuta, mkono ulirudi na mpini. Bapa lilibaki ndani ya boga.

Nikachungulia ndani ya ule mpini. Kila kisu kina msuka, ile sehemu ya chuma inayoendelea nyuma ya bapa na kuingia kwenye mpini, na nguvu yote ya mkono inapitia hapo. Msuka wa kisu chetu cha harusi ulikuwa mfupi kuliko kidole changu cha mwisho, mwembamba, umeshikiliwa na gundi iliyokauka ikawa unga. Kilichobaki kilikuwa plastiki yenye uwazi ndani. Miaka yote tulikuwa tumeshika hewa. Kigogo cha mbao sasa kinakaa sebuleni, watoto wanachomekea penseli.

Mume wangu alisema tatizo letu ni kununua visu vya mapambo. Akashuka stendi ya Nzuguni, akarudi na kisu alichokiita cha kazi: cha kukunja, cheusi, chenye tochi, kifungua chupa, kijiti cha kuwashia moto na kitu cha kuvunjia kioo cha gari ukipata ajali. Gari hatuna. Alikining'iniza kiunoni, akawa anakifungua kwa mkono mmoja akiangalia taarifa ya habari, tak, tak, tak, mpaka nikamwomba achague kati ya kisu na chakula cha usiku.

Kilidumu mpaka shemeji alipokiazima akatie mpira wa kufungia mabati. Alikandamiza, mpira ukagoma, akageuza mkono ili asukume kwa ncha. Kijibati cha ndani kinachozuia bapa lisijifunge kikateleza, kisu kikajifunga huku vidole vyake vikiwa njiani. Zahanati walimshona. Muuguzi alimuuliza kama amepigana, na shemeji, ambaye ana aibu zake, akajibu ndiyo.

Sina ugomvi na visu vya kukunja. Vinafaa mfukoni kwa mtu anayemenya chungwa kwenye basi. Lakini kiungo ni kiungo, na cha bei rahisi kinabebwa na msumari mmoja na bati jembamba. Ukikandamiza, ukipinda, ukiingiza mafuta ya mbuzi humo ndani, mapema au baadaye kitalegea. Kisu kisichokunjwa hakina pa kujikunjia, na ukimaliza unakiosha chote, hakuna kona ya kufugia uchafu. Kwa nyumba yenye shemeji, ndicho hicho.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Mvumi.

Alifika na mbuzi. Binti yetu mkubwa alikuwa anapata kipaimara Jumapili inayofuata, na bibi yake alishaahidi tangu ubatizo. "Mbukwenyi!" akapaza sauti getini, tukaitikia wote, mbuzi naye akaitikia. Mimi ni Mhehe wa Iringa, na Wagogo ni watani zetu, kwa hiyo ana ruhusa ya kunisema nami nina ruhusa ya kumjibu, ila mtani akiwa pia ni mama mkwe unajibu kwa kipimo.

Jioni ile aliomba kisu akate nyanya. Nikampa kilichokuwepo. Akakigeuza, akakipitisha kwenye nyanya, nyanya ikabonyea ikatema maji. Hakusema kitu. Akafungua kikapu chake, akatoa kisu kidogo cheusi kwenye ala ya ngozi iliyokakamaa, akakata nyanya vipande vyembamba vya kuona taa.

"Mhehe," akasema, "babu zenu walikuja hapa na mikuki. Siku hizi mnakuja na vijiko?"

Nilikiomba nikitazame. Bapa halikufika shubiri, limelika kwa kunolewa mpaka limebadilika umbo, lakini mgongo wake bado mnene. Mpini wa mpingo, umeng'aa kwa mkono wake peke yake. Mahali chuma kinapoingilia kwenye mti pamebanwa na noleo, pete ya shaba inayozuia mti usipasuke. Msuka ulikuwa umepita katikati ya mpini wote, ukatokeza nyuma, ukakunjwa kwa nyundo. Ili bapa lile litoke ingebidi mti uoze.

Mume wangu akaona suluhisho. "Mama, si utuachie hicho kwa ajili ya mbuzi?"

"Mbuzi nimeleta mimi. Kisu tafuteni nyie." Akakirudisha kikapuni. "Hiki hakilali kwenye nyumba yenye makopo ya rangi." Sijui nani alimwambia. Nahisi ni watoto.

Wiki ile mume wangu hakulala kwa ajili ya simu. Kila usiku alikuwa ananisomea. Kuna mji unaitwa Mora, huko Sweden, ambako tangu 1891 wanatengeneza visu vya kazi: bapa fupi, mpini wa mti zamani na wa plastiki siku hizi, ala ya kuning'iniza, na bei ambayo seremala au mvuvi wa kule hailalamikii. Akanionyesha picha. Nikamuuliza msuka unafika wapi. Akatafuta, akapata: kwenye vile vya bei ya chini haufiki mwisho wa mpini. Hapo nilishangaa, kwa sababu baada ya boga nilikuwa nimeshatunga sheria kwamba msuka lazima utokee nyuma. Kumbe plastiki yao inamiminwa ikiwa ya moto kuuzunguka msuka wenye upana wa kutosha, hakuna uwazi, hakuna gundi ya kukauka. Kwa hiyo urefu wa msuka ni jambo moja, na upana wake na jinsi ulivyoshikwa ni jambo jingine. Hilo nililipenda. Sikupenda alipoanza kupiga hesabu ya usafirishaji, maana kisu cha fundi wa Sweden kikifika Ihumwa kinakuwa cha mkurugenzi.

Shemeji alikuwa na mbinu yake. Alibomoa spika ya redio ya zamani, akatoa sumaku, akawa anapita nayo kwenye maduka ya vyombo kando ya barabara kuu akigusisha kila kisu, vidole bado vimefungwa bandeji. Wenye maduka walimvumilia wakidhani ni mkaguzi. Lakini alikuwa na hoja. Chuma kinachong'aa kile cha vijiko na sufuria nzuri hakivutwi na sumaku, na hakikazwi kwa moto. Ukikinoa leo, kesho kimelala. Sumaku ikikataa kabisa, ulichoshika ni kijiko kilichobanwa kikawa kisu. Ikikubali, hujajua mengi bado, ila angalau una chuma kinachoweza kushika makali. Alirudi na orodha ndefu ya vilivyokataliwa.

Jirani yetu mwenye bucha ndiye aliyesema neno la maana kuliko wote, na alilisema bila kuacha kukata. Yeye visu vyake ni vya mpini wa mbao, bapa lote limeendelea mpaka nyuma, mbao zimepigwa misumari mitatu huku na huku, unakiona chuma kimezunguka mpini kama nyama iliyobanwa na mkate. "Mimi sinunui makali," alisema. "Makali natia mwenyewe. Nanunua chuma na mpini." Akapendekeza twende mnadani.

Mnada wa Msalato ni Jumamosi, upande wa pili wa mji, kwenye barabara ya Arusha. Watu wengi wa mjini wanakwenda kwa ajili ya nyama choma na hawapiti zaidi ya moshi. Ukivuka moshi na mazizi, unawakuta wauza kamba, wauza dawa za mifugo, na wahunzi na maturubai yao chini: visu, sime, mashoka, mikuki, kengele za ng'ombe. Wateja wao ni wafugaji, Wagogo, Wamasai, Wabarbaig, watu ambao kisu kikiwavunjikia hawana duka la kukimbilia, na Jumamosi ijayo watakuja na mabaki kumwonyesha aliyewauzia. Hiyo ndiyo dhamana pekee niliyowahi kuiamini kwenye biashara ya visu.

Mzee tuliyesimama kwake alikuwa na visu vya springi ya gari. Hilo si jambo la kudharau. Zamani wahunzi wa nchi hii walianza na mawe: Wafipa walijenga matanuru marefu ya udongo, na huko Uhaya watu waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Siku hizi Land Rover iliyochoka inaleta chuma kilichokwisha kuchaguliwa kiwandani kwa kazi ya kupinda na kurudi, na mhunzi anaanzia hapo. Anakata kipande, anakipasha kwenye mkaa unaopulizwa kwa gurudumu la baiskeli, anafua, anachonga kwa tupa. Kisha anakipasha tena mpaka kiwe chekundu na kukizamisha kwenye oili chafu ili kikaze. Mzee alisema vijana wanazamisha kwenye maji ili wawahi, kisu kinakaza kupita kiasi, kinapasuka siku kikigonga mfupa.

"Mzee wangu, kinashika kutu?" mume wangu aliuliza.

"Sana," alijibu, kwa sauti ya mtu anayesifia. "Kisichoshika kutu hakinoleki."

Alitia chumvi. Vipo visivyoshika kutu vinavyonoleka vizuri tu, hata hao wa Sweden wanatengeneza vya aina zote mbili. Lakini kwa kinoo cha mawe ya kwetu, springi inakubali makali upesi, na kutu dawa yake ni kukausha na tone la mafuta ya kula.

Akachagua kimoja, akakigonga bapa kwenye kichwa cha shoka: mlio wa wazi, wenye mkia. Akagonga kingine, kikalia bubu, akakitupa nyuma yake. "Hicho kina ufa." Akachoma ncha ya kile cha kwanza kwenye gogo, akakipinda kwa mkono mpaka nikafumba macho, akakiachia. Kikanyooka. Bapa shubiri moja, mgongo wa milimita tatu hivi, msuka umetokeza nyuma na kukunjwa, pete ipo. Alitaja elfu kumi na mbili. Mume wangu akataja tano. Wakafika nane pamoja na ala ya ngozi ya ng'ombe, na ala mzee alikataa kabisa kuitenga na kisu ili bei ishuke. "Utamkata nani kwenye gari?" aliuliza.

Alituelewa vizuri. Kwenye daladala ya kurudi mume wangu alishindwa kujizuia, akakichomoa akitazame mwangani. Kiti cha jirani kikawa wazi. Konda alikusanya nauli kwa kila mtu, akaturuka, na tulipojaribu kumpa akasema tutamalizana baadaye, wazee, hakuna shida.

Kama tungekwenda moja kwa moja nyumbani kisa kingekuwa kifupi. Lakini mhunzi huuza kisu kikiwa na makali ya tupa, ya kuanzia, mengine unamalizia mwenyewe kwenye jiwe. Mume wangu alikuwa na haraka ya Jumapili, na pale kituoni kuna fundi wa kuchomelea mageti mwenye grinda. Mimi nilikuwa nimetangulia na mboga. Niliona baadaye, kwenye video aliyoituma kwenye kundi la ukoo: cheche zinaruka mita mbili, muziki umewekwa juu yake, na mama mkwe pekee hajaweka alama ya kidole gumba.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya kanisa, ustadhi wa msikiti wa mtaani alikuja kutuchinjia, maana mbuzi wa shughuli lazima kila mgeni aweze kumla. Mume wangu akamkabidhi kisu kipya kwa mikono miwili. Ustadhi alikitoa kwenye ala, akaweka makali juu ya ukucha wa dole gumba, akakisogeza polepole. Kisu kikali hushika ukucha. Hiki kiliteleza. Akakiinua juani. Kando ya makali kulikuwa na mstari wa rangi ya bluu inayoelekea zambarau, mzuri kweli.

"Hiki kitamtesa," akasema kwa upole. Akafungua gazeti alilokuja nalo kwapani, akatoa cha kwake, akaenda nyuma ya tangi la maji kukipitisha kwenye kinoo mara ya mwisho, kwa sababu haifai kunoa kisu mbele ya mnyama. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mbuzi hakupata muda wa kulalamika.

Kuchuna kulibaki kwetu. Mume wangu alisisitiza atumie kisu chake, na kwenye ngozi ya tumbo kilienda. Kwenye kiungo cha goti makali yakalala upande, yakajikunja kabisa, unayaona.

"Lete." Mama mkwe alikitazama mara moja. "Nani amekichoma?"

"Hakijachomwa, Mama. Kimenolewa."

"Kimechomwa."

Shemeji alianza kutazama bandeji zake kwa makini. Na bibi alikuwa sahihi: grinda ikizunguka bila maji, ule ukingo mwembamba wa makali unapata moto kupita nyuzi 300 kabla hujasema neno, na rangi ya bluu ndiyo barua ya kukuarifu kwamba kazi yote ya mhunzi, ya kukaza na kupoza, imefutwa pale pale. Kisu kizima kilikuwa kizima. Makali tu ndiyo yaliyorudi kuwa waya.

Mbuzi akamaliziwa kwa kile kisu kidogo cheusi, ambacho mama mkwe alikitumia mwenyewe, hakumpa mtu. Kisha, baada ya ibada, wageni wakila pilau uani, yeye akaomba jiwe na bakuli la maji akakaa kivulini. Nilikuwa nikipita na sahani kila mara namtazama. Alilaza bapa kwenye jiwe, akainua mgongo kiasi cha kupitisha kidole chembamba chini yake, akasukuma makali yakitangulia, kama anayetaka kuligema jiwe ngozi nyembamba. Upande huu, akageuza, upande ule, kwa idadi ileile. Maji kidogo. Tope la kijivu likawa linashuka mkononi. Hakuwa ananoa bado; alikuwa anakula ile bluu, ili afike kwenye chuma kisichoguswa. Jua lilihama, akahama nalo. Ilipoisha alipapasa ukingo kwa dole gumba, akasikia unavyokwaruza upande mmoja, akageuza akasugua taratibu mpaka mkwaruzo ukaisha, akamalizia kwenye ngozi ya ala. Kisu kilikuwa kimepungua upana kidogo. Akaomba nyanya.

Alinikabidhi mimi, mwanawe akiwa amenyoosha mkono. "Hiki ni cha mkeo. Ukikitaka, useme cha nini." Na kwa ajili ya makopo, vichuguu na waya, aliagiza litafutwe lile bapa lililobaki kwenye boga. Shemeji alilifunga mpini wa kuni na vipande vya tyubu ya baiskeli, likawekwa karibu na mlango wa nyuma, mtu yeyote ajichukulie. Limefungua kila kitu mpaka sasa. Halikati kitu, na hakuna anayelidai likate.

Jumatatu tulimsindikiza barabarani. Mume wangu, ambaye alikuwa bado na uchungu wa elfu nane, alimweleza jinsi ilivyokuwa kazi kukipata kile kisu: maduka yote, sumaku, Sweden, mnada.

"Mvumi, nyuma ya nyumba yetu, kuna anayefua," alisema mama mkwe. "Hiki changu amenitengenezea yeye. Kwa jogoo."

"Mama! Mbona hukusema?"

"Uliniuliza? Ulikuwa unaiuliza simu."

Akapandisha kikapu kwenye bodaboda, akaketi upande, akafunga kanga vizuri. Mume wangu akatoa simu mfukoni.

"Basi nipe namba yake."

"Hana simu," alisema, akampiga dereva begani waondoke.